Kitabu Ambacho Hakuna Aliyekifungua

Kompyuta haikuwa na huruma. Mwalimu aliufunga ukurasa akaufungua tena, kama mtu anayetikisa birika akitumaini kuna chai iliyobaki chini, na jibu likawa lile lile: katika darasa zima la wanaosoma kwa mtandao, waliofungua kitabu cha takwimu walikuwa kumi na mmoja.

"Kumi," alisema Asilimia kutoka meza ya pili. "Mmoja ni mimi. Nilikuwa najaribu kama kinafunguka."

Asilimia ndiye aliyesimamia mitambo ya masomo ya mtandaoni. Jina hilo alipewa kwa sababu hata ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu kwa asilimia. Waligawana chumba kimoja, dirisha moja na feni moja iliyolalamika zaidi ya kupuliza, na kwa kawaida utani wake ulimsaidia Mwalimu kuisukuma siku. Leo haukumsaidia.

Kitabu hicho alikiandika yeye mwenyewe, likizo mbili mfululizo, mtoto mgongoni na daftari mezani. Alikiandika kwa ajili ya watu wanaosoma wakitoka kazini, ambao hawana mwalimu wa kumvuta shati wakamuuliza. Kisha akakiweka kwenye mtandao wa chuo kiwe kitabu huria: cha bure, kila mtu akichukue, akinakili, akigawe, hata akirekebishe akitaka. Chuo kikampa kazi ya kutafiti kama vitabu vya namna hiyo vinatumika kweli. Vikionekana vinatumika, vingeandikwa vingine vya masomo yote. Visipotumika, Mkuu wa Kitivo alikuwa tayari na mapatano na kampuni inayokodisha maktaba ya mtandaoni, na gharama yake ingepachikwa kwenye ada ya mwanafunzi. Kikao cha kuamua kilikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

Na mkataba wa Mwalimu, mhadhiri msaidizi wa muda, ulikuwa unaisha pamoja na muhula.

Ripoti alikuwa amekwisha kuiandika. Madodoso nayo yalisema kama kompyuta ilivyosema. *Je, unatumia kitabu huria cha mtandaoni katika somo la takwimu?* Hapana, hapana, hapana. Wengine hawakuandika hata neno, walipiga mstari tu.

Mkuu wa Kitivo aligonga mlango uliokuwa wazi. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, asiyependa kukaa katika vyumba vya watu.

"Mwalimu, nimesoma rasimu. Haina konakona. Wengi wakipewa kutafiti kitu chao, wanaishia kujipigia zumari. Wewe umejisema." Akavua miwani, akaifuta. "Mtu wa namna hiyo chuo hakimwachi aende. Nimekutaja kwa ile nafasi ya kudumu."

"Nashukuru, Mkuu."

"Usinishukuru. Shukuru uaminifu wako."

Alipoondoka, Asilimia alipiga mluzi mdogo. "Umeajiriwa kwa kukosa wasomaji. Sijawahi kuona."

*

Mchana ule ule alikuja mwanafunzi wa mwisho wa kuhojiwa. Alikuwa muuguzi, mama wa makamo, sweta limefunika sare ya kazi. Wenzake walimwita Admini kwa sababu kundi la darasa kwenye simu liliongozwa naye, na aliliongoza kwa mkono wa chuma: salamu za asubuhi marufuku, picha za maua marufuku, kazi za darasa tu.

"Nina muda mfupi, Mwalimu. Naingia zamu."

"Maswali ni machache. Ukisoma takwimu, unatumia kitabu gani?"

"Si hiki hapa!"

Akatoa mkobani kitabu chenye jalada la buluu, kimeshonwa kwa koili nyeupe ya plastiki, pembe zimeviringika kama majani makavu. Mwalimu alikifungua katikati. Akasoma sentensi moja. Akasoma ya pili. Sentensi zilikuwa zake.

"Hiki umekipata wapi?"

"Kwa Koili."

"Koili yupi?"

"Mwalimu nawe! Koili wa getini, mwenye mashine ya kunakili. Ana ndugu?" Admini alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kuna ubaya?"

"Hapana. Nieleze tu."

"Ilikuwa hivi. Kitabu kilipowekwa mtandaoni kilikuwa kizito. Unakipakua, bando linakata roho, na wewe hata nusu hujafika. Nikawaambia kwenye kundi, jamani, tusiumie wote. Nikakishusha mimi peke yangu kwenye kompyuta ya kazini, nikakitia kwenye flashi bila hata kukifungua, nikampelekea Koili. Sasa kila mtu anachukua chake pale. Walio mbali tunawatumia kwa mabasi."

"Darasa zima?"

"Na lililotutangulia. Na wale wa uhasibu wanatuomba."

"Mbona kwenye dodoso uliandika hapana?"

"Liliuliza cha mtandaoni. Mimi mtandaoni naingia kuangalia alama, natoka mbio kabla bando halijaisha. Ningejibu ndiyo, ningekuwa mwongo." Alikichukua kitabu chake, akakipangusa jalada kwa kiganja. "Na aliyekiandika ni nani? Hakina jina. Mimi humwombea dua. Anakueleza kama dada yako mkubwa mko naye jikoni."

Ni mimi. Maneno mawili tu. Mwalimu aliyameza, kwa sababu nyuma yake yangefuata maswali mengine, na la kwanza lingekuwa kuhusu Koili.

Koili alikuwa mume wake.

Pale chuoni hakuna aliyejua. Akiulizwa mumewe anafanya nini, Mwalimu alijibu "biashara", na biashara ni neno pana, watu hutandaza humo chochote. Asubuhi waliondoka nyumbani pamoja, wakaachana kwenye njia panda. Yeye akazunguka kupitia geti la nyuma, njia ya magereji, akikanyaga oili na vumbi kwa viatu vya ofisini. Alijiambia njia ile ina kivuli.

*

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda ukumbini akichambua maharagwe. Mtoto alikuwa kwa jirani. Koili aliingia akapitiliza kwenye karo, akajisugua wino wa vidoleni kwa sabuni ya kufulia, kama kila siku. Wino haukutoka, kama kila siku.

"Baba watoto," Mwalimu alisema. "Kitabu changu unakichapa dukani?"

Maji yaliendelea kutiririka kidogo. Kisha bomba likafungwa.

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza wewe."

"Ninakichapa."

"Tangu lini?"

"Tangu walipokileta." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Nilijua ni chako kabla sijafika ukurasa wa tatu. Wewe ukiandika ni kama ukiongea, hukosi kusema 'tulia kwanza'. Nikatoa kurasa za mbele zenye jina lako, nikakitia jalada tupu. Nisikuharibie kazi."

"Kuniharibia vipi?"

"Si wewe uliyesema, pale pale mezani, kwamba anayenakili kitabu cha mtu ni mwizi tu mwenye mashine?"

"Nilisema vitabu vya watu! Changu nimekiachia. Hizo kurasa ulizozitupa ndizo zinazosema kila mtu ana ruhusa."

"Sasa nani husoma kurasa za mbele?"

Mama mkwe alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, akaendelea na maharagwe yake.

"Na ripoti?" Mwalimu aliendelea. "Katibu aliituma jana dukani kwako ikachapwe kwa ajili ya kikao. Uliiona?"

"Nimeisoma ikitoka kwenye mashine. Umeandika hakuna anayekisoma."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama watoto? Hapa unarudi umechoka, nikikuuliza habari za kazi unasema 'nzuri' unalala. Kule dukani hufiki." Alivuta kiti lakini hakukikalia. "Mara ya mwisho ulifika ukiwa unataka karatasi. Unakumbuka? Yule Mkuu wenu akaingia nyuma yako, akanipigia vidole, 'Wewe, harakisha.' Nikakutazama. Ukafungua pochi ukanilipa."

Mwalimu alivuta kiti kingine, akakaa.

"Ukanilipa kama mteja. Nami nikakurudishia chenji. Nikasema, sawa, mke wangu anataka iwe hivyo, iwe hivyo. Sasa mtu aliyenilipa, mimi nimfuate kumwambia kitabu chako kiko kwangu?"

Maharagwe yaliendelea kudondoka kwenye sufuria. Mwalimu alitaka kusema kwamba siku ile aliogopa, kwamba alikuwa na wiki chache tu kazini. Yote yalikuwa kweli na hayakufaa kitu.

"Nitawaambia Jumatatu," alisema mwishowe. "Ripoti si ya kweli."

"Usifanye hivyo."

"Wataleta maktaba ya kulipia. Ada itapanda. Yule muuguzi aliyekuletea flashi hamalizi masomo."

"Na wakijua kwamba mke anaandika, mume anauza? Watasema tumepanga. Kibanda kiko kwenye ardhi ya chuo. Watatufurusha kama kuku waliovamia mtama. Na wewe hiyo nafasi uisahau."

"Kwa hiyo nikae kimya?"

"Mimi nimekaa kimya miaka miwili, nimekufa?"

Mama mkwe akaweka sufuria chini. "Mkamwana, mimi mambo ya mitandao siyajui. Lakini duka lile ndilo lililokulipia masomo. Kila karatasi aliyoitoa mwanangu pale, wewe umepanda ngazi. Sasa uko juu. Usiisukume ngazi na mwenzio bado anaishikilia."

"Mama, sitaki kuisukuma."

"Najua hutaki. Nakwambia tu inavyoonekana ukiwa chini."

Jumamosi na Jumapili wakasemezana mambo ya gesi na ya mtoto, kwa adabu kubwa, kama wapangaji wawili.

*

Jumatatu asubuhi Mwalimu alimvizia Mkuu wa Kitivo kwenye korido.

"Mkuu, kuna jambo jipya kuhusu ripoti. Naomba wiki moja."

"Wiki?" Mkuu hakupunguza mwendo. "Wajumbe wamekaa. Kikao si mahali pa kufikiri, Mwalimu, ni mahali pa kuamua. Jambo kubwa?"

"Kubwa."

Akasimama. Akamtazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Sikiliza. Hofu ya kabla ya kikao naijua, nimekuwa nayo miaka mingi. Ingia, soma ulichoandika, kaa. Hayo mapya tutayaongea ukiwa na ajira."

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, pazia zito na chupa ya maji mbele ya kila kiti. Wajumbe walikuwa saba. Katibu aliomba radhi kwamba mashine ya chuo ni mbovu na nakala zimechelewa kwa fundi wa nje.

"Hatusubiri," alisema Mkuu. "Mwalimu, kwa ufupi."

Mwalimu alisimama.

"Naomba kuiondoa ripoti yangu."

"Kuiondoa wapi?"

"Hapa mezani. Ina kosa."

Kalamu zikasimama. Mhasibu Mkuu wa chuo, mama mnene mwenye macho makali, aliegemea mbele. "Kosa la hesabu?"

"Hesabu ni sahihi. Nilihesabia mahali pasipo na watu." Akaeleza: bando, flashi, mtu mmoja anayepakua kwa niaba ya wote, jalada la buluu, mabasi. Akaeleza kwamba mtambo uliona mlango ukifunguliwa mara chache, haukuona kwamba aliyeingia alitoka na mzigo wa darasa zima. Alipokuwa akieleza sauti ilimrudia, maana hapo ilikuwa kazi, na kazi aliijua.

"Duka lenyewe liko wapi?" Mhasibu aliuliza.

"Getini."

"Geti hili hili?"

"Hili hili."

"Mimi hupita pale kila siku, daima pana foleni. Wewe mtafiti hukuiona?"

"Mimi napita geti la nyuma."

"La nyuma ni la magereji. Unajizungusha kwa nini?"

Ndipo mlango ukasukumwa kwa bega. Aliyeingia alikuwa Koili, boksi la nakala kifuani, kidevu kimeshikilia bahasha ya juu isidondoke.

"Weka pale, Fundi," Katibu alisema bila kumtazama.

Koili alimwona mkewe amesimama. Aliona nyuso zilizomgeukia, akaelewa. Aliliweka boksi sakafuni polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akageuka atoke upesi. Alikuwa anamsaidia. Alikuwa anamwachia nafasi ya kusema lolote analotaka, hata kwamba njia ya magereji ina kivuli. Upesi ule ulimuuma Mwalimu kuliko kama angemkodolea macho.

"Duka ni la mume wangu," alisema. "Ni huyu."

Koili alisimama, mkono kwenye kitasa.

"Napita nyuma kwa sababu nilikuwa naona haya kuonekana pale. Ningesimama dukani hata mara moja, ningeona watu wakinunua kitabu changu. Sikusimama. Kosa la utafiti huu ndilo hilo, sina lingine la kuwaeleza."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajizuia. Mhasibu alifungua chupa yake ya maji, akaifunga bila kunywa.

Mkuu alivua miwani. "Fundi. Ni kweli? Unauza kitabu cha mkeo?"

"Nauza karatasi na wino, mzee," Koili alijibu akiutazama mlango. "Maneno nawapa bure."

"Umejibu vizuri. Lakini nyumba moja, mkono huu unaandika na huu unapokea. Kanuni zetu zina jina la jambo hilo." Akamgeukia Mwalimu, na sauti yake ikashuka zaidi. "Nilikutetea, Mwalimu. Umeniweka pabaya."

"Najua, Mkuu. Nisamehe."

Wakamwomba atoke. Alikaa kwenye benchi la korido, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja jina. Alipoitwa tena, maamuzi yalisomwa haraka. Maktaba ya kulipia imesimamishwa hadi utafiti urudiwe. Utafiti utarudiwa na mtu mwingine. Suala la duka litachunguzwa, na suala la mkataba litasubiri uchunguzi huo.

Koili alikuwa ameshaondoka.

*

Mwalimu alipita geti la mbele. Foleni ilikuwa ndefu, wanafunzi wa kawaida na wale wa mtandaoni waliokuja kufanya mitihani ya vitendo. Mashine ilikuwa inanguruma, na Koili alikuwa ameipa foleni mgongo. Mwalimu alizunguka kaunta akaingia ndani, na mtu mmoja akalalamika, "Mama, kuna mstari!"

"Wamesemaje?" Koili aliuliza bila kugeuka.

"Maktaba imesimama. Utafiti nimenyang'anywa. Wewe utachunguzwa. Mimi sijui."

Aliingiza karatasi, akabonyeza. "Umewaambia unanionea haya. Watu wazima saba, na mimi nimebeba boksi."

"Ndiyo."

"Ungengoja nitoke."

"Ningengoja utoke, ningekuwa nimekuficha kwa mara nyingine."

Koili alizipanga karatasi, akazigongagonga juu ya kaunta hadi pembe zikalingana, na zilipolingana akaendelea kuzigonga. "Imeniuma," alisema.

"Najua."

"Hujui. Lakini utajua, tutaongea." Akamsogezea rundo la majalada ya buluu. "Kama umekuja kusimama, simama na kazi."

Alikuwa amebandika majalada machache, yamekwenda upande, Asilimia alipojipenyeza hadi kaunta akihema.

"Shemeji!" alimwambia Koili. "Kumbe ni shemeji! Muda wote huu nalipa bei ya mgeni!" Kisha akamwona Mwalimu, uso ukamshuka. "Wamenipa kazi yako. Sikuiomba. Asilimia mia sikuiomba."

"Ifanye vizuri tu."

"Nataka kuanza leo, kabla hawajafunga hapa. Ila sijui naanzia wapi. Shemeji, nikuulize wewe?"

Koili aliizima mashine. Ngurumo ilipokatika watu wakainua vichwa. "Mimi ni mchapaji," alisema, na sauti ilifika nyuma ya foleni. "Muulize mwandishi. Si huyu hapa anayenipindishia majalada?"

"Mwandishi wa nini?" Admini alikuwa katikati ya mstari, sweta begani.

"Wa hicho ulichokikumbatia."

Admini alimtazama Mwalimu, akakitazama kitabu, akamtazama tena. Mwalimu alijiandaa kwa dua na shukrani, akawa anatafuta neno la kujibu.

"Basi ni wewe!" alisema Admini, akawapita waliokuwa mbele yake. "Mwalimu, lile jedwali la sura ya nne. Jumla haiji."

"Haiji vipi?"

"Haiji! Darasa zima tulijumlisha, haiji. Nilifungua kundi usiku watu wabishane, mimi mwenyewe nikavunja sheria zangu. Tazama."

Alikilaza kitabu juu ya kaunta. Jumla iliyochapwa ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya buluu, na juu yake imeandikwa nyingine. Mwalimu alifuata safu kwa kidole, midomo ikitembea. Alihesabu kuanzia juu, akarudia kuanzia chini. Admini alikuwa sahihi.

"Nani mwingine anacho?" aliuliza.

Kijana mmoja alitoa chake begani. Sura ya nne, jedwali lile lile, namba imekatwa kwa penseli. Dada aliyemfuata alitoa chake, nacho kimekatwa. Mzee mmoja mwenye koti la ulinzi akapitisha chake juu ya vichwa vya watu. Alikirithi kutoka kwa darasa lililotangulia, na kilikuwa kimekatwa mara mbili, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawa. Vitabu vilimjia mkono kwa mkono, vina harufu ya mikoba, ya mafuta ya kupikia, ya dawa za hospitali. Alivifungua kimoja kimoja mahali pale pale.

"Mlijua siku zote," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

"Tungemwambia nani?" alijibu Admini. "Hakina jina."

Koili alipata shughuli ya ghafla na droo ya karatasi.

Asilimia alikuwa ametoa kalamu, lakini bado hajaandika kitu. Alikuwa anatazama rundo linavyokua kwenye kaunta, na kwa mara ya kwanza hakuwa na asilimia ya kutoa.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ndogo, "kosa hili nalo nalihesabu?"

Mwalimu alifungua kitabu kingine. Kilikuwa kimekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mtu ameandika kwa hasira: *tulia kwanza wewe mwenyewe*.

"Lihesabu," alisema. "Anza na hiki."